Siku Tatu Bila Kinyamazishi

Buibui wa chuma, mdogo kuliko mbegu ya mchicha, alikuwa akitembea nyuma ya kongosho la mgonjwa huku akitandaza wavu. Kila hatua aliacha uzi mwembamba usioonekana kwa macho, na kila uzi ulipokutana na mshipa wa fahamu, ule ambao waganga huuita neva, uliuzungushia kitanzi. Kwenye kioo kilichojaa ukuta mzima, neva hizo ziliwaka rangi ya chungwa. Dokta Tulinagwe Kasyupa akagusa kidhibiti mkononi mwake. Moja baada ya nyingine zikafifia, zikawa kijivu.

"Zimenyamaza zote," ilisema akili mnemba ya chumba cha upasuaji.

Zamani watu walidhani saratani huishi kwa damu tu. Baadaye ikajulikana kwamba uvimbe huziita neva. Hutoa kemikali za kuzivuta, nazo humea kuufuata kama mizizi inavyofuata maji. Zikishafika, humwaga palepale kemikali ambazo mwili hutoa mtu akishtuka au akisongwa na mawazo, na seli za saratani hunenepea hapo. Tulinagwe alikuwa bado mwanafunzi alipojiuliza swali lililomfanya ajulikane: kama uvimbe na mwili vinazungumza, kwa nini tusikate mazungumzo? Jibu lake lilikuwa Kinyamazishi, wavu huo wa kuzinyamazisha neva. Kwa miaka tisa, katika jiji la Mtera Mpya lililojengwa kandokando ya bwawa, watu mia nne ambao wangekuwa kaburini walikuwa wakiamka na kwenda kazini.

Mmoja wao alikuwa Mzee Yona Chilongani, fundi mstaafu wa mitambo ya umeme wa jua. Jumanne hiyo Tulinagwe alipotoka kwenye upasuaji, alimkuta amekaa ofisini kwake bila miadi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Dokta. Mke wangu amefariki jana."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. Tulinagwe ndiye aliyeshika mdomo. Mama Merina! Mwanamke aliyekuja na chupa ya uji kila kliniki kwa miaka miwili, akimpulizia mumewe kijiko kwa kijiko.

"Mungu wangu! Pole, Baba. Pole sana. Imekuwaje?"

"Alianguka jikoni. Moyo. Sikuja kupewa pole, Dokta. Nimekuja kwa sababu siwezi kulia."

Akamweleza taratibu. Watu walikuwa wamejaa uani, wanawake wanalia, yeye amekaa kwenye kiti anahesabu mabati. Ndipo shemeji yake Hosea, kaka wa marehemu, aliposimama mbele za watu. "Mtazameni," alisema. "Dada yangu amemlisha huyu kwa mkono wake, leo jicho kavu! Kuna kitu anakijua." Toka hapo minong'ono ikaanza, kwamba mzee amebadilisha uhai wa mkewe na wake.

"Na wewe mwenyewe unasikiaje?"

"Sisikii. Najua Merina hayupo, kama ninavyojua leo ni Jumanne. Mwaka jana mjukuu wangu Sechelela aliungua maji ya moto mbele yangu, nikasimama namtazama. Nilikuambia, Dokta."

Ni kweli, alimwambia. Na wengine walimwambia. Mmoja hakujua tena kushiba, mwingine alimpokea mwanawe kutoka safari ndefu kana kwamba amepokea barua. Tulinagwe alikuwa ameyaandika hayo yote chini ya malalamiko madogo. Alijua chanzo chake. Wavu ulinasa pia mshipa mkuu wa fahamu unaopanda kutoka tumboni, kupitia kifuani, hadi ubongoni. Humo ndimo hupita habari za mwili: tumbo kukatika, kifua kubana, roho kuuma. Habari zisipofika, ubongo hujua msiba lakini hauuonji.

"Kizime," alisema mzee. "Siku tatu, mpaka tumzike na matanga yaishe."

"Baba, neva zikiamka uvimbe nao utaamka. Na majonzi ndiyo chakula chake. Utakuwa unaulisha kwa mikono miwili."

"Nimekaa na yule mwanamke miaka thelathini na sita. Nisimzike kama mpita njia."

Tulinagwe akaiuliza akili mnemba. Ikajibu kwamba uwezekano wa neva mpya kuchipua nje ya wavu ulikuwa asilimia sitini na moja. Mzee alisikia. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Nakubali," alisema.

Neno hilo lilimkaa Tulinagwe vibaya. Mtu asiyeweza kuogopa anakubali vipi jambo la kuogopesha? Alitaka kukataa. Lakini mwenye kumfanya asiogope alikuwa ni yeye.

Siku ya maziko alikwenda mwenyewe msibani, kidhibiti kikiwa mkobani. Alimchukua mzee pembeni, nyuma ya jiko, akakigusa kukizima Kinyamazishi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha mzee akashika tumbo.

"Nina njaa," alisema kwa mshangao. "Na jua ni kali."

Akageuka. Juu ya kigoda palikuwa na ungo wa karanga, nusu zimechambuliwa, nusu bado. Vidole vya Merina ndivyo vilivyoishia hapo. Mzee akapiga magoti, akachota konzi ya zile zilizochambuliwa, na sauti iliyomtoka iliwanyamazisha watu wote uani.

Hosea alikuja mbio. Alisimama akimtazama shemeji yake akigaragara kwenye vumbi, kisha naye akapiga magoti na kumkumbatia.

"Nisamehe, shemeji. Nisamehe."

Tulinagwe alikaa mkekani na wanawake. Alilia pamoja nao, lakini kila kilio cha mzee kilipopanda, aliona kichwani mwake zile nyuzi za chungwa zikiwaka moja baada ya nyingine.

Siku ya tatu Mzee Chilongani alirudi hospitalini kama walivyoahidiana. Macho yalikuwa yamemvimba na sauti imekauka. Picha ilipotokea kwenye kioo, Tulinagwe hakuhitaji kuelezwa na mashine. Neva tatu changa zilikuwa zimepenya chini ya wavu na kuufikia uvimbe.

"Hizi siwezi kuzifikia," alisema. "Zimeuzunguka mshipa mkubwa wa damu. Nikiwasha sasa hivi, pengine utapata mwaka na nusu. Nisipowasha, miezi mitano."

Mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Tulinagwe akanyoosha mkono kuchukua kidhibiti.

"Subiri."

"Baba, kila dakika inayopita..."

"Subiri, mwanangu. Acha niogope. Juzi nilikukubalia jambo nisilolijua. Leo ndiyo nalijua."

Tulinagwe akakirudisha kidhibiti mezani, akasogeza kiti, akamshika mkono. Walikaa hivyo. Mzee alisema anaogopa kaburi, anaogopa maumivu, na zaidi ya yote anaogopa kuingia kwenye kile chumba ambacho Merina hayumo. Akataja harufu ya nywele zake. Akacheka mara moja kwa jambo alilolikumbuka, halafu akalia tena.

"Nikikaa hivi miezi mitano, nitakufa nikiwa mtu," alisema. "Lakini Sechelela ana miaka minane. Wazazi wake hawapo, bibi yake hayupo. Miezi mitano haimtoshi."

"Kikiwashwa, utakuwa naye bila..." alisema Tulinagwe.

"Najua. Nitampikia na kumpeleka shule. Atakuwa na mtu mlangoni akirudi." Alifuta uso kwa kiganja. "Ila akikua, mwambie wewe. Mwambie babu yake alimpenda mpaka tumbo likamkata. Mimi nitakuwa siwezi kulisema vizuri."

"Nitamwambia, Baba."

"Haya. Washa."

Tulinagwe akagusa kidhibiti. Kwenye kioo rangi ya chungwa ikafifia, isipokuwa zile nyuzi tatu. Mkono wa mzee ukatulia ndani ya mkono wake. Mikunjo ikalegea usoni, pumzi ikawa ya kawaida. Mzee aliutoa mkono wake taratibu, akainuka, akanyoosha koti.

"Ahsante, Dokta. Kliniki ijayo ni lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo." Akajikaza. "Baba, unakumbuka uliyoniambia sasa hivi?"

"Nakumbuka kila neno," alijibu.

Alikwishafika mlangoni. Hapo akageuka, akamwangalia kwa makini, kama fundi anavyoangalia mtambo unaovuja.

"Dokta," aliuliza, "mbona unalia?"