Miwani ya Baramundi

Kila Jumamosi asubuhi, Pantelis na shangazi yake Sevasti walikula supu ya laksa sokoni Parap, kisha wakaenda karakana ya shangazi. Pantelis, mwenye miaka kumi na mmoja, alifagia vipande vya nta. Shangazi alichonga sanamu.

Mji mzima wa Darwin, kaskazini mwa Australia, ulimjua shangazi. Kasa wa bandarini ni wake. Mamba wa maktaba ni wake, na tuzo aliyopewa kwa ajili ya mamba huyo aliitundikia kofia. Sasa halmashauri ilikuwa imemwagiza samaki, baramundi mrefu kuliko mlango, ambaye meya mwenyewe angemzindua gatini. Jumatatu, samaki wa nta angepelekwa kwa wayeyusha shaba wamgeuze kuwa sanamu ya shaba.

Jumamosi hiyo simu ikalia, shangazi akatoka nje. Pantelis akachukua msumari, akazunguka upande wa ukutani, akamchorea samaki miwani. Miwani minene, kama ya meya! Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Unacheka nini, mtundu wewe?" shangazi aliuliza akirudi.

"Si kitu, shangazi. Nta imenitekenya."

"Haya, weka ufagio, twende maktaba. Mamba wangu anataka kusuguliwa."

Huko, Pantelis alisugua tumbo la mamba mpaka likang'aa. "Shangazi! Kuna mbu hapa! Wa shaba!"

Shangazi akaguna. "Alinasa kwenye nta. Nilimwona, nikasema, aah, nani atamwona mbu? Shaba ikamchukua na miguu yake yote. Siku ya tuzo watu wanapiga makofi, mimi namwangalia mbu tu. Mpaka leo ananiuma."

Pantelis aliacha kusugua. Ikiwa mbu alibaki, miwani je? Akilini alimwona meya akivuta kitambaa mbele ya mji mzima. Nani angempa shangazi kazi tena?

"Shangazi... baramundi amevaa miwani."

"Amevaa nini?"

Walirudi mbio. Shangazi aliitazama ile miwani, halafu mdomo ukamcheza. "Meya mtupu!" Akapasha kijiko moto, akamkabidhi Pantelis. "Umeharibu, tengeneza."

Kijiko kilipita taratibu, nta ikalainika, miwani ikatoweka.

"Umeona?" shangazi alisema. "Kosa ukilisema likiwa bado nta, kijiko kinatosha. Ukilificha mpaka liwe shaba, mwanangu, utalisugua maisha yako yote."

Siku ya uzinduzi, meya alimtazama baramundi usoni, akasogeza miwani yake. "Huyu anafanana na mtu ninayemjua," alisema.

Pantelis akakohoa. Shangazi akamkanyaga mguu.