Vyerehani Mlangoni mwa Tela

Kila likizo, mama yake Chapuchapu alifunga tela nyuma ya pikapu na kwenda shule za mbali kushona sare. Tela lile lilikuwa nyumba na karakana kwa pamoja: vitanda vya kukunja, jiko dogo, meza ya kukatia vitambaa, na vyerehani vya chuma ambavyo ukivinyanyua mgongo unalalamika. Binti mwenyewe walimwita Chapuchapu kwa sababu hakuna alichokifanya polepole, hata kula.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, alikabidhiwa kazi ya kupakia.

"Nisikilize vizuri, mwanangu," mama alisema. "Jana tumepima mizigo yote kwenye mizani, na uzito uko ndani ya kiwango cha pikapu. Usiongeze hata kijiko. Vyerehani vikae mbele kidogo ya magurudumu ya tela, uvifunge mikanda. Vitambaa ni vyepesi, hivyo ndivyo vikae nyuma."

"Sawa, mama."

Shida ni kwamba mlango wa tela ulikuwa nyuma, na kuburuta vyerehani hadi mbele ni kazi ya kutoa jasho. Nje, rafiki zake walikuwa tayari wanazungusha kamba. Basi akavibwaga palepale mlangoni, akavifunga mkanda, akatupia vitambaa mbele, akakimbilia kuruka.

"Umepanga kama nilivyokuambia?" mama aliuliza, funguo mkononi.

"Kila kitu kiko mahali pake."

Walienda wakiimba. Walipoanza kushuka mteremko, tela likaanza kuyumba kushoto na kulia, likiivuta pikapu huku na huku. Chapuchapu akaacha kuimba, akashika kiti. Mama hakukanyaga breki kwa kishindo. Alishika usukani imara, akaondoa mguu kwenye mafuta, mwendo ukapungua mpaka tela likatulia. Akaegesha kando, akashuka kuweka mawe chini ya magurudumu, akarudi ndani.

"Hii ni kazi ya kaka yangu," alisema kwa hasira, akitoa simu. "Ndoano ya kuvutia tela ameichomelea juzi tu. Leo nitamwambia, na majirani wote nitawaambia."

Chapuchapu aligeuka kulitazama tela. Mjomba wake alikuwa fundi magari, na wateja aliwapata kwa sifa yake tu. Chapuchapu alikuwa amemwona kwa macho yake akiikagua ndoano ile, akiirukia na kuning'inia juu yake kama mtoto, apate uhakika.

Mama alimpigia, akamwaga yote. Mjomba hakubisha. "Sijui nimekosea wapi, dada," sauti yake ilisikika, imenywea. "Nisamehe. Msiondoke hapo, nafunga karakana nije."

Aliomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Chapuchapu aliona aibu hata masikio yakamuwaka.

"Mama, si mjomba," alisema. "Ni mimi. Vyerehani viko mlangoni. Nilitaka kuwahi kucheza."

Mama alimtazama, kisha akaitazama simu, ambayo ilikuwa bado haijakatwa.

"Nimesikia," alisema mjomba. "Kwa hiyo mimi bado ni fundi?"

"Wewe ni fundi, kaka. Nimekuvunjia heshima, naomba uniwie radhi."

"Nishonee suruali, yaishe," mjomba alijibu, na kicheko chake kikajaa pikapu nzima.

Chapuchapu hakungoja kuambiwa. Alishusha vitambaa vyote, kisha wakavisogeza vyerehani hadi mbele, yeye akisukuma, mama akivuta. Alikaza mikanda mpaka viganja vikawa vyekundu, kisha akavirudisha vitambaa, safari hii nyuma. Jasho lilimtiririka, lakini kifua chake kilikuwa chepesi.

"Mama," alisema alipomaliza, "njoo ukague kabla hatujaondoka."

Mama aliingia, akavuta mkanda mmoja mmoja, akatikisa kila cherehani. Kisha akaketi kizingitini na kumvuta binti yake karibu.

"Mimi nimekosa kuendesha bila kukagua. Sitarudia," alisema. "Lakini wewe kumbuka hili. Mzigo wetu haukuzidi hata kidogo, ila ulikaa vibaya, uzito wote nyuma, na ungeweza kutupindua. Ukichoka, niambie umechoka, nitakusaidia kusukuma. Usiniambie kazi imeisha wakati haijaisha, kwa sababu mimi nitakuamini, na barabarani tuko wengi."