Upepo wa Upande wa Kushoto

Mashine iitwayo Mshikaupepo ilijikunja ikaingia chini ya gari, ikanyoosha mikono minne myembamba, na kila mkono ukashika tairi lake. Haikujaza upepo mara moja. Kwanza ilipapasa. Ilipima ulaini wa mpira, joto la lami ya kiwanja cha mbio cha Hombolo, na uzito wa gari lenyewe, ambalo lilikuwa jepesi kiasi kwamba wanaume sita wangeweza kulihamisha kama kitanda. Halafu ikauliza kwa sauti ya upole, "Abiria yupo?"

"Yupo," alijibu Sekela.

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mashine ilikuwa na vihisi vya uzito na ilijua hivyo, lakini haikubisha. Zamani mashine zilikuwa zikibishana na watu, na watu hawapendi kubishiwa na kitu walichokinunua kwa fedha zao. Ikatungwa sheria kwamba kauli ya binadamu ina nguvu kuliko kihisi. Kwa hiyo Mshikaupepo ikamhesabu abiria asiyekuwepo, kilo themanini na nne, ikajaza matairi ya kushoto pauni ishirini na moja na ya kulia kumi na tisa, kisha ikajiondoa.

Abiria huyo alikuwa Ambakisye, mume wa Sekela, na wakati huo alikuwa Mwezini.

Alikwenda huko kuendesha mitambo ya mgodi wa barafu, mkataba wa miaka miwili. Sasa ulikuwa mwaka wa tano. Mwezini mtu hupungua uzito hadi sehemu moja ya sita, na mifupa, ikiona haina kazi, huanza kujipunguza yenyewe kama mfanyakazi mvivu. Mwaka jana madaktari wa mgodi walimwambia Ambakisye kwamba mifupa yake haitaweza tena kuubeba mwili wake duniani. Alimpigia mkewe simu akamweleza taratibu, bila kuficha. Sekela alimjibu kwamba wataona. Tangu siku hiyo hawakulizungumza tena jambo hilo, wakawa wanazungumza habari za matairi.

Na kwa kweli walikuwa na mengi ya kuzungumza. Gari lile walilijenga wawili katika banda la nyuma ya nyumba, yeye Sekela akishughulikia mota na usukani, mumewe matairi. Mjini Dodoma hakuna aliyekuwa akiendesha gari tena. Watu walisafiri kwa vibebamtu, vyombo vyeupe vinavyojiendesha, kila kimoja na kiti kimoja, kwa sababu wataalamu walipiga hesabu wakaona kiti cha pili ni hasara. Vilikuwa salama, vilikuwa safi, na asubuhi ungeona maelfu ya vyombo hivyo vikipita barabarani, kila mtu ndani ya chake, kimya. Aliyetaka kushika usukani kwa mikono yake alikwenda Hombolo siku ya Jumamosi, akiwa na kibali.

Huko ndiko Ambakisye alikoketi kushoto kwa mkewe miaka yote ile. Wakikaribia Kona ya Mkwaju, ile ndefu inayokata kulia, alikuwa akisema, "Bado, bado, sasa," na kwenye "sasa" Sekela alikata usukani. Hakuwa akiamini mashine. Alipunguza upepo wa tairi kwa kidole, akisikiliza mlio wake ukitoka, kisha akasema "inatosha," na kipimo kilipowekwa kilikubaliana naye. Sekela alikuwa akimtania kwamba masikio yake yanafaa kukodishwa.

Siku hiyo ilikuwa ya kuamua. Miezi mitatu mfululizo, tangu jua lilipozidi ukali, gari lilikuwa limeserereka pale pale, Kona ya Mkwaju, na msimamizi wa kiwanja, kijana wa Kigogo aitwaye Chilongani, alikuwa ameshampa Sekela maonyo mawili. Alimfuata asubuhi kabla ya kuanza. Alimwamkia vizuri, akamuulizia afya, akauliza habari za Mwezini, kisha akamwambia kwamba leo atapewa zamu mbili za ukaguzi. Ya kwanza ya kujiweka sawa, ya pili ya kuhesabiwa. Gari likitoka nje ya mstari katika ya pili, kibali kinafutwa, na gari lisilo na kibali hupelekwa kuyeyushwa.

Sekela alisema ameelewa. Chilongani hakuondoka. Alitazama kiti cha kushoto, akatazama chini.

"Dada," alisema, "mimi si fundi. Lakini kiti kile hakina mtu."

Sekela alivaa kofia yake ngumu. Hakumkasirikia. Alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa mhandisi, na alijua kila kitu alichopaswa kukijua.

Alijua kwamba gari zito husamehe. Ukiongeza mtu mmoja katika gari la tani mbili ni kama kuongeza mgeni mmoja kwenye sufuria ya harusi, hakuna atakayegundua. Gari la kilo mia tano ni sufuria ya watu wawili. Mmoja akiondoka, chakula chote kinabadilika. Tairi lililojazwa kwa uzito ambao haupo huvimba katikati, likagusa lami kwa utepe mwembamba badala ya kiganja kizima. Tena kiwanja cha Hombolo kina kona nyingi za kulia, na kila gari likikata kulia, mzigo huegemea matairi ya kushoto. Hayo ndiyo hupata joto zaidi, na upepo ukipata joto hupanuka. Mtu anayeendesha peke yake huanza na upepo mdogo upande wa kushoto. Hili analijua hata anayejifunza.

Lakini kumwambia Mshikaupepo hivyo kulitaka maneno mawili tu, na maneno hayo alishindwa kuyatoa mdomoni.

Zamu ya kwanza aliendesha vizuri hadi Kona ya Mkwaju. Alikata usukani, na mkia wa gari ukaanza kumkimbia. Aliukamata kwa jasho, tairi la nyuma likiwa limebakiza upana wa kidole kufika mstari wa njano. Alirudi polepole, akashuka, akafanya alivyokuwa akifanya mumewe. Alivua glavu akaweka kiganja juu ya tairi la kushoto. Katikati palichoma. Pembeni palikuwa vuguvugu tu, kama mpira ambao haujatoka bandani.

Alibaki amechutama pale, na upweke wa miaka mitano ukamjia wote kwa pamoja. Alimtaka mumewe. Alimtaka pale, ameketi kushoto, mzito, akinuka mpira na jasho. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na yeye kwa muda wote huo alikuwa akiendesha akiwa ameishika fimbo hiyo.

Akaiita mashine. Ikaja, ikanyoosha mikono, ikauliza, "Abiria yupo?"

"Hayupo."

Mashine ikauliza kama ilivyoundwa kuuliza, bila ubaya wowote, "Hayupo leo, au nimwondoe?"

Chilongani, aliyekuwa amesimama karibu, aligeuka akatazama mashamba ya zabibu.

"Mwondoe," alisema Sekela.

Upepo ukaanza kutoka upande wa kushoto, mlio mwembamba usiokwisha upesi. Sekela alilia ukitoka, na hakujificha. Ulipokoma, mashine ikasema pauni kumi na saba, mbele na nyuma, ikaenda kumhudumia mtu mwingine.

Zamu ya pili gari liliishika lami kama limeota kucha. Hapakuwa na mtu wa kusema "bado". Alipofika Kona ya Mkwaju, Sekela alisubiri, akasubiri, akasema "sasa" kwa sauti yake mwenyewe ndani ya kofia, akakata usukani. Gari likazunguka kona yote bila kutetereka. Aliona raha, na palepale akaona aibu kwa kuona raha. Chilongani alimpa kibali cha mwaka mzima na kumwambia hajawahi kuliona gari lile likitulia vile.

Ambakisye alipiga simu saa kumi, kama kila Jumamosi. Maneno ya Mwezini huchelewa. Ukiuliza, jibu hufika baada ya sekunde tatu hivi, na wake za wachimbaji huzizoea sekunde hizo. Aliuliza kama gari limepita. Sekela akamwambia limepita. Alifurahi, akauliza habari za joto la lami, kisha akauliza swali lake la siku zote.

"Kushoto uliweka ngapi?"

Miaka yote alikuwa akijibu, "Ishirini na moja, kama ulivyoacha."

"Kumi na saba," alisema Sekela.

Sekunde tatu zikapita. Zikapita nyingine, na nyingine. Kwenye simu ulisikika mvumo wa feni za mgodi. Fundi wa matairi hahitaji kufafanuliwa namba.

"Kwa mtu mmoja," alisema Ambakisye hatimaye, taratibu, "ningeanza na kumi na sita na nusu. Jua la Hombolo ni kali."

Sekela alitoka na simu hadi gari lilipokuwa, akachutama penye tairi la mbele la kushoto, akafungua kifuniko, akaisogeza simu karibu ili mumewe asikie. Akabonyeza kwa kidole. Upepo ukatoka, na mlio wake ukaanza safari ya kwenda mahali ambapo hapana upepo.

"Inatosha," alisema Ambakisye.

Neno hilo lilipofika, Sekela alikuwa ameshaondoa kidole.