Chupa Mfukoni mwa Sweta

Hapa kwetu Maretadu, kazi zangu za asubuhi ni kufungulia ndama na kumnywesha uji mdogo wangu Hermani. Ndama hawanisumbui. Hermani, mwenye miaka minne, ndiye mwenye vituko: hufunga mdomo, hukimbia, kisha hurudi mwenyewe njaa ikimshika.

Jumamosi ile hakukimbia. Alilalamika kuwa tumbo linamuuma. Mama alikuwa shambani akivuna maharage, nami Yusta wa darasa la sita nikajifanya daktari. Juu ya kabati palikuwa na dawa ya minyoo ya ndama. Nikawaza, minyoo ni minyoo tu. Nikampa vijiko viwili.

Mama aliporudi, Hermani alikuwa anatapika, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Haraka nikaificha chupa mfukoni mwa sweta. Mama akambeba mgongoni, tukaenda mbio hadi duka la dawa.

"Shikamoo, daktari," nilisema. Didas ni mfamasia kutoka Bukoba, lakini kijiji kizima humwita daktari.

"Marahaba. Mama, mtoto amepewa dawa yoyote?"

"Hajapewa kitu. Nilimwacha mzima kabisa."

"Na wewe binti uliyebaki naye, ulimpa chochote?"

"Hapana, daktari."

Didas akafungua simu yake. Ina programu inayomweleza kila dawa, kipimo chake na dawa isiyopatana nayo. Akasoma, akachukua dawa ya kuzuia kutapika, akasita, akairudisha.

"Kila ninapogusa, swali ni lile lile," alisema kwa unyonge. "Amekunywa nini? Nisipojua hilo, mama, mimi na wewe tuko sawa."

Mama akaanza kulia mbele ya watu. Sikuwahi kuliona jambo hilo. Chupa ilinigusa ubavuni kila nilipovuta pumzi. Niliogopa fimbo, lakini zaidi niliogopa mama ajue kuwa ni mimi.

Muda ukapita. Mara macho ya Hermani yakapinduka, mwili ukakakamaa. Nikaitoa chupa, nikaiweka mezani.

"Vijiko viwili," nilisema.

Didas hakunigombeza. Aliandika jina la dawa kwenye simu, akasoma, uso ukambadilika. "Tiba yake haipo hapa dukani. Ni hospitali, sasa hivi!" Akawapigia wauguzi, akawatajia dawa na kiasi. Mnunuzi wa maharage aliyekuwa ameegesha nje akashusha magunia yake chini, akawapakia mama na Hermani kwenye gari lake.

Mimi niliachwa. Siku tatu nilipika uji asubuhi, ukapoa bila mtu wa kumnywesha. Sikuwa na la kufanya ila kusali na kufungulia ndama.

Siku ya nne walirudi. Hermani alikuwa amekonda, hana nguvu hata za kunikimbia. Jioni Didas alikuja kumjulia hali.

"Mficha maradhi kilio humfichua," mama alisema, hanitazami. "Safari hii kidogo tulie msiba."

Didas akaniita karibu. "Yusta, dawa ya mifugo ni ya mifugo. Na mtu hukosea, hata mimi hukosea, ndiyo maana nina simu ile. Ina majina ya dawa maelfu, lakini haiwezi kuona ndani ya mfuko wako. Ukikosea, sema hapo hapo. Ulikaa kimya nusu saa, na nusu saa ile haikuwa yako, ilikuwa ya Hermani."

Nilichukua kikombe cha uji, nikamnywesha mdogo wangu polepole, naye safari hii hakufunga mdomo.