Anachofanya Jagat Ndani ya Gari

"Ndimu hizi ni zako!" Kundan alifoka. "Ndimu na pilipili kuukuu, umezitupa mbele ya tairi langu!"

"Kaka, mtaa mzima unafunga ndimu na pilipili mpya kwenye gari kila Jumamosi kuzuia kijicho," Jagat alijibu kutoka kwenye usukani. "Zangu kuukuu nimezitupa mtoni, mtu asizikanyage akapata mkosi. Hizo sijui za nani."

"Zako! Uchawi wako unaliua gari langu!"

Sote majirani tulitoka nje kusikiliza. Nani angebaki ndani? Kundan na Jagat wanatenganishwa na ukuta mmoja. Magari yao aina ya jipu waliyanunua siku moja, sikukuu ya Diwali, yote meupe, yote ya dizeli. Yote hubeba abiria kutoka Haldwani, chini bondeni, hadi kwetu Almora, juu mlimani.

Lakini jipu la Jagat lilipanda mlima likikoroma kama paka aliyeshiba. La Kundan lilipanda likikohoa, likitoa moshi mweusi, likimaliza dizeli kabla safari haijaisha. Abiria walianza kulikimbia. Wiki ile watu wa harusi walimkodi Jagat.

Hansi, mke wa Kundan, hakunyamaza. "Mwenzako anabeba bwana harusi, wewe unabeba viazi! Hilo jipu ndilo linalotulisha. Likifa, tutakula nini?"

Kundan alizidi kuona wivu. Alisogea hadi kwenye mlango wa Jagat.

"Na kila jioni unanuiza nini humo? Umefika nyumbani, injini unaiacha inanguruma, midomo inacheza. Sema mbele ya watu!"

Tulisogea karibu. Na sisi tulikuwa tunataka kujua.

"Nasali sala ya jioni," Jagat alisema. "Ikiisha, turbo imepoa, nazima."

"Turbo gani? Unachoma dizeli bure! Mimi nikifika tu, nazima. Nikiteremka mlima, nazima pia. Mimi najua kubana matumizi!"

"Kumbe ndiyo maana!" Jagat alishuka. "Njoo, kaka. Fungua boneti lako."

Kundan alifungua kwa hasira. Jagat akaonyesha kwa kidole.

"Hii ndiyo turbo. Ni feni ndogo inayosukuma hewa kwenye injini. Ukitoka kupanda mlima inakuwa ya moto sana, na bado inazunguka. Oili ndiyo inayoipoza. Ukizima papo hapo, oili inasimama. Iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi, na turbo inasagika. Iache injini ingurume polepole dakika moja au mbili, kisha zima. Dizeli inayotumika hapo ni tone tu."

"Na kwenye mteremko?"

"Usizime kamwe. Breki zitakuwa ngumu, mtaingia korongoni. Teremka na gia, usikanyage mafuta. Hapo injini karibu hainywi kitu."

Jagat akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi kama zulia la stendi.

"Yaa!" Hansi alisema. "Hata ufagio wangu ni safi kuliko hilo."

"Injini isipopata hewa, dizeli haiungui yote," Jagat alieleza. "Huo moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia inayotoka nyuma. Oili umebadilisha lini?"

Kundan alikuna kichwa. "Huwa naongeza tu ikipungua."

"Oili iliyochakaa inakula vyuma. Ibadilishe kwa wakati ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Chujio la dizeli nalo litoe maji yanayojikusanya ndani. Injini ya dizeli ni ngumu, kaka, inaishi muda mrefu kuliko ya petroli. Lakini inataka kutunzwa. Ikifa, kuifufua ni ghali."

Kundan hakushukuru. Wivu hauondoki siku moja. Lakini kesho yake alilipeleka jipu kwa fundi. Turbo ilikuwa imeanza kulegea, ikatengenezwa. Oili na machujio vikabadilishwa. Na kila jioni Kundan naye akakaa ndani ya jipu lake, injini ikinguruma, midomo ikicheza. Tulimcheka sana.

Moshi ukaisha. Tangi lile lile likafika mbali zaidi. Abiria wakarudi. Msimu wa harusi uliofuata, Kundan alibeba bwana harusi, na Hansi alihakikisha mtaa wote umeona.

Jioni moja wote wawili walifika pamoja. Kundan alisali, akazima, akashuka. Jagat alibaki ndani.

"Mbona sala yako ndefu kuliko yangu?" Kundan alimtania. "Bado kuna siri unanificha?"

Jagat alicheka kidogo.

"Sala iliisha zamani. Nakaa tu. Nawasikia watoto wako wakigombea mkate. Nasikia harufu ya samli ya shemeji. Tangu mke wangu afariki, jiko langu ni baridi. Wewe ulinionea wivu wa injini, kaka. Mimi nilikuonea wivu wa nyumba, kila jioni."

Hansi alikuwa mlangoni, amesikia yote, mikono yake imejaa unga.

"Jagat! Zima gari hilo."

"Bado, shemeji, turbo..."

"Imeshapoa! Kinachopoa sasa ni mkate wangu wa ulezi. Ingia ndani ule."