Marahaba Kutoka Kigoda Kitupu

Jumapili, tarehe 8 Agosti 1993, saa tisa alasiri, Bonaventura alimgawia marehemu karata.

Alikuwa ameandaa mashindano nyumbani kwake Unyambwa, wawili kwa wawili. Zawadi ilikuwa redio ya kaseti, kama zile zilizoanza kujaa madukani mjini. Yeye hakuwa na mwenzi. Mwenzi wake siku zote alikuwa kaka yake Alute, na Alute walikuwa wamemzika wiki mbili tu zilizopita. Karata zenyewe zilikuwa zile wanaume walizochezea matangani, na tanga lilikuwa bado halijaanuliwa.

"Mwenzangu ni Alute," alisema, akavuta kigoda kitupu.

Jirani yake Deo akacheka. "Basi redio nimeshaibeba. Maiti hajui turufu!"

Meza ikagongwa mara mbili. Ngo, ngo.

"Nani huyo?" Deo akachungulia chini ya meza.

Bonaventura alikigeukia kigoda. Alute alipokuwa na turufu kubwa aligonga hivyo, mara mbili, ili mdogo wake ajue. Siri hiyo waliijua wao wawili tu.

Wakacheza. Karata za kigodani zikapungua moja moja bila mtu kuona mkono uliozitoa, na harufu ya marashi yaliyomwagwa kwenye jeneza ikaanza mlangoni, ikapita katikati ya watu, ikakaa mezani, na kila Bonaventura aliposikia ngo, ngo alitupa karata na kushinda, huku machozi yakimtoka na uso ukicheka.

"Baba Cecilia, inuka," mkewe Febronia alinong'ona. "Huyo siye shemeji."

"Niache, mama. Nikishinda, atakaa."

Febronia alitoka mbio, akarudi na katekista, mzee Melkizedeki. Bonaventura akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," sauti ya Alute ikaitikia kutoka kigodani.

Mzee alikuwa hajafungua kinywa.

"Mwanangu," alisema polepole, "Alute hakuwahi kunipita bila kuniamkia. Huyu anapokea shikamoo yangu. Ni jini, limevaa sauti ya ndugu yako. Usimalize mchezo. Ukishinda nalo, umelikubali liwe mwenzako."

Bonaventura alikuwa amebakiwa na karata moja. Ngo, ngo, taratibu, kama mtu anayebembeleza.

"Kaka yangu angeamkia," alisema, akaichana ile karata.

Kigoda kikaanguka. Karata zilichomwa zote jioni ileile, rozari ikasaliwa. Redio hakuna aliyeichukua.

Hadi leo, watoto wakimwambia shikamoo, Bonaventura haitikii upesi. Husubiri kwanza, asikie kama yupo mwingine atakayeitikia. Kisha huitikia, na moyoni husema:

Ee Bwana, mpokee Alute, mlaze pasipo na wa kumsumbua. Tusamehe sisi tuliomwita kwa mzaha. Amina.