Tumbo la Kizito na Meno ya Plastiki

Kila asubuhi Nasike hupalilia mahindi akiwa amembeba Kizito mgongoni. Mtoto akichoka kubebwa, Nasike humweka juu ya gunia karibu na migomba. Lakini Kizito hakai kwenye gunia. Ana miezi tisa na ameanza kutambaa. Huwafuata kuku, huokota walichoacha chini, na kukitia mdomoni.

Wanaishi karibu na Kiminini, kwenye shamba la kukodi. Sifuna, mume wa Nasike, ni fundi wa mawe. Siku hizi anajenga Bungoma mjini.

Jumatatu Kizito alianza kuhara. Jumanne alihara maji matupu.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yao Nyaruai, ambaye watu humwita Mama Kim. Alimkuta Nasike ametoka shambani, jasho likimtiririka. Akasema maziwa ya Nasike yameungua kifuani kwa jua. Ayakamue ayamwage, na mtoto asinyonye mpaka apone. Tena asipewe maji, kwa sababu maji yakiingia ni lazima yatoke. Nasike aliona maneno hayo yana maana. Akamnyima mtoto ziwa, na Kizito akalia.

Alienda dukani kununua sabuni ya kufulia. Mwenye duka alimuuzia pia vidonge vya kufunga tumbo, vya watu wazima, akamwambia avunje nusu. Nasike aliogopa. Alivifunga kwenye pindo la leso.

Jioni alifika mama mkwe wake kutoka Sirisia. Jina lake ni Edah, lakini wajukuu humwita Kukhu, yaani nyanya. Kabla ya kuketi alitia kidole mdomoni mwa mtoto, akapapasa ufizi.

"Haya hapa," alisema. "Meno ya plastiki. Ona yalivyo meupe. Ndiyo yanayomharisha. Kuna mzee pale Chwele huyang'oa kwa spoki ya baiskeli. Kesho mapema tunaenda."

"Hatatoka damu, mama?"

"Atalia kidogo tu. Si Sifuna aling'olewa? Na leo anabeba mawe."

Nasike alimpigia Sifuna simu. Sifuna alisema mama yake anajua mambo ya watoto. Kisha akasema asimpuuze Mama Kim, kwa sababu amelea sita. Kisha simu ikakatika.

Nasike alibaki ameishika tu. Mmoja anasema ni maziwa. Mwingine anasema ni meno. Mwenye duka anasema ni vidonge. Wote wamelea, na yeye huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Amwamini nani? Kizito alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, lakini machozi hayakutoka.

Asubuhi Kukhu alikuwa tayari amemfunga mtoto mgongoni wakati Rosaline alipoingia uani. Rosaline ni mhudumu wa afya wa kijiji chao, na siku hiyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Kukhu alimwambia kwamba wao wako safarini. Rosaline hakubishana. Aliomba tu kumsalimia mtoto. Alimtazama macho, yalikuwa yamedidimia. Alifinya ngozi ya tumbo taratibu, akaiacha. Ngozi ilirudi polepole.

"Alikojoa lini?" aliuliza.

Kukhu alimtazama Nasike. Nasike alimtazama Kukhu. Hakuna aliyejua.

"Huyu mtoto amekauka," Rosaline alisema. "Mtoto anayehara hufa kwa sababu maji yanamwishia mwilini. Twendeni zahanati sasa hivi. Mambo ya meno tutaongea njiani. Nasike, mnyonyeshe."

"Lakini maziwa yameungua kwa jua."

"Ng'ombe wa Mama Kim si hula majani juani mchana kutwa? Na jioni si mnakunywa chai kwa maziwa yake?"

Kukhu alicheka bila kutaka. Nasike alimchukua mtoto, akampa ziwa. Kizito alinyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Njiani Kukhu hakukubali upesi. Alisema watoto wake wote walihara meno yalipoanza. Kama si meno, ni nini?

"Wakati huo huo, mtoto huanza nini kingine?" Rosaline aliuliza.

Kukhu alifikiri. "Kutambaa."

"Na akitambaa, huokota nini?"

Rosaline alimweleza Kukhu kwamba uchafu unaoingia mdomoni ndio huleta kuhara. Vile vitu vyeupe ni meno ya kweli ambayo bado hayajatoka. Yakichimbuliwa kwa spoki, mtoto hupata kidonda na kumwaga damu, na kuhara kunabaki palepale.

Kwenye zahanati muuguzi alimpima Kizito, akawapa maji ya ORS, ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na kijiko. Wampe kidogo kidogo, wakiwa wameketi hapo ili amwone. Nasike alianza. Baada ya muda Kizito akatapika. Kisha akahara tena.

Nasike aliweka kijiko chini. "Dawa imekataa," alisema. "Mama Kim alisema kweli. Nikimpa, yanatoka."

"Debe likivuja na huna jingine, utafanya nini?" Rosaline aliuliza.

"Nitaendelea kujaza mpaka lizibwe."

"ORS ni ya kujaza. Haizibi. Tumbo litajiziba lenyewe polepole. Akitapika, ngoja kama dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi."

Kukhu akachukua kijiko. Alimweka mjukuu wake kwenye mapaja, akampa kijiko, akangoja, akampa kingine. Watu waliingia na kutoka, na yeye hakuinua kichwa.

Alasiri Kukhu alihisi joto mapajani. Gauni lake la kanisani lilikuwa limelowa.

"Amekojoa," alisema polepole. Nasike alitaka kumchukua mtoto ili Kukhu ajipanguse. Kukhu alikataa. "Wacha. Acha aniloweshe."

Jioni macho ya Kizito yalikuwa yamerudi, naye alilia na machozi. Muuguzi aliwapa pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Kila pakiti ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Yakilala mpaka kesho, yamwagwe. Zinki ni kidonge kimoja kila siku kwa siku kumi, hata akiacha kuhara. Aendelee kunyonya na kula. Akihara damu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, warudi mbio. Vidonge vya dukani Nasike alimwachia muuguzi.

Sasa Kizito anatambaa tena. Nasike amewazungushia kuku uzio wa matete. Huosha mikono kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto. Kukhu naye akija huiosha kabla ya kumshika.

Juzi Kukhu alikuwa sokoni Chwele akiuza ndizi. Mama mmoja alimwuliza njia ya kwenda kwa yule mzee wa spoki, kwa sababu mtoto wake anahara. Kukhu alimwachia jirani ndizi zake, akasimama.

"Kwanza niambie," alisema. "Alikojoa lini?"

Yule mama hakujua. Kukhu akamshika mkono, akampeleka zahanati.